Mpira Uliobaki Hewani

Dukani kwa Adema, pale anapochaji simu, sokoni Mudete,
tulibanana tisa kwenye benchi la watu watano,
shilingi kumi kila mmoja, kompyuta ina ufa,
tukitazama wasichana wa kuchorwa wakicheza voliboli.
Macho yao makubwa kama visahani vya chai.
Jasho lao tone moja tu, na tone hilo
huchukua dakika nzima kufika sakafuni.

Sauti ilikuwa ya Kijapani, maandishi ya Kichina.
Undisa ndiye aliyetutafsiria.
"Anasema: usingekuwapo wewe, ningelala mapema."
"Anasema: nakuchukia. Sasa niinulie mpira."
Tulimwamini. Shangazi yake aliwahi kupikia Wachina waliojenga barabara,
na kwetu hicho kilikuwa cheti.

Mimi naye hatukusalimiana tangu darasa la sita.
Kisa ni jezi namba nne,
ya pekee isiyopasuka kwapani
katika gunia la mwalimu Kisia.
Yeye akikwea mbio kilima cha kiwanda cha chai mara kumi,
mimi kumi na moja,
na hiyo ya kumi na moja natapika kando ya michai.
Mama aliuliza ni nani anayenifukuza.
Nikamwambia, hakuna, mimi ndiye ninayefukuza.

Sehemu ya ishirini na tatu. Seti ya mwisho.
Kumi na nne kwa kumi na nne.
Mwinuaji akainua.
Mpira ukaganda juu, ukumbi wote ukawa mweupe,
na yule mwenye plasta gotini, angali amepaa,
akaanza kukumbuka mama yake, mvua, mbwa aliyepotea,
viatu vya kwanza
na hapo stima ikakatika.

Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani.
Transfoma ya soko ilikuwa imelipuka.
Tulikaa gizani, watu tisa na mpira mmoja hewani.

Jumamosi, Chavakali.
Wavu wetu ni wa wavuvi, Kisia aliununua Kisumu,
ukipata joto hunuka omena.
Kadenyi aliteguka kifundo, Undisa akapewa kazi ya kuinua,
kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi.
Kumi na mbili wao kumi na nne.
Mpira wa kweli hauna adabu, haungoji mtu akumbuke mama yake.
Angeweza kumpa Sabeti. Sabeti alikuwa peke yake, hana ukuta mbele.
Akanitazama mimi.
"Nakuchukia," akasema kwa midomo mitupu,
akainua.

Na ulikaa juu. Kidogo tu, kama kope inavyofunga.
Katika upenyo huo nilisikia sauti yake dukani
na nikajua: huyu hajui Kichina hata herufi moja.
Maneno yote yale yalikuwa yake.
Mwezi mzima alikuwa akiyasema, mbele ya watu tisa, kwangu.

Nikapiga.
Vumbi jekundu liliruka hadi kwa waamuzi.

Sitaki kudanganya. Tulifungwa.
Zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu,
nikaupeleka mpira moja kwa moja kwenye harufu ya omena.
Njia nzima hadi nyumbani Kisia hakutamka neno,
alibeba gunia kama amebeba mgonjwa.
Undisa alitembea hatua tatu mbele yangu.
"Ungeniachia namba nne," akasema bila kugeuka,
"labda mikono yako ingekuwa myepesi."

Transfoma ilitengenezwa Novemba.
Mimi sikwenda. Yeye alikwenda.
Kesho yake nilimkuta chini ya kilima, nikamuuliza
mpira uliangukia wapi.
"Anasema," akaanza,
kisha akainama, akakaza kamba za viatu,
akaondoka mbio kukwea.

Mara ya kwanza.
Nilimwacha afike kwenye mkaratusi wa pili,
halafu nikaanza kuhesabu zangu.